Barua kwa mhariri: Acheni kuita Billa kopi, aliyeongoza picha ya kwanza ya hiyo stori alikulia kwetu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote wanaoandaa ukurasa wa burudani. Mi msomaji wenu wa siku nyingi na kuandika barua magazetini sio kawaida yangu, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mlitoa makala kuhusu picha za Kihindi za mapigano mkaandika kwamba wale wa kusini, Watamil, hawana jipya, kazi yao ni kuchukua picha za Mumbai na kubandika sura nyingine juu yake, na mfano mliotoa ni Billa, ile picha ya Kitamil ya Rajinikanth ya 1980, kwamba ni kopi ya Don ya Mumbai basi. Mkaishia hapo. Hamkusema nani alitengeneza ya kwanza, nani alitengeneza ya pili, kwanini ilitengenezwa, wala kwanini watu waliigombania. Naomba nafasi nieleze, maana hii stori naipenda toka utotoni na kuna sehemu yake inatuhusu hata sisi tunaokaa Dar es Salaam.

Tuanze na Don yenyewe, ile ya 1978 ya Amitabh Bachchan, maana vijana wa siku hizi ukiwatajia Don wanamuwaza Shah Rukh Khan tu. Stori waliandika Salim Khan na Javed Akhtar, wale wawili waliokuwa wanaandika pamoja kama Salim-Javed, ndo haohao wa Zanjeer, Deewaar na Sholay. Don ni jambazi anayetafutwa na polisi wa nchi 11, siku moja anajeruhiwa wakati anafukuzwa na anafia mikononi mwa ofisa mmoja wa polisi, yule ofisa anamzika kimyakimya bila kumwambia mtu, halafu anaenda kumtafuta kijana mmoja maskini anaitwa Vijay, anaimba na kucheza barabarani ili alishe watoto wawili ambao sio wake, na sura yake na Don hakuna tofauti hata kidogo. Anamwambia ingia kwenye genge ujifanye Don, mi nitawasomesha hao watoto. Vijay anakubali. Balaa linaanza pale ofisa anapouawa, na yeye ndo alikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba huyu sio Don, kwahiyo polisi wanamsaka kama jambazi, majambazi nao wameshashtuka kwamba sio mwenzao, na kuna mwanamke, Roma, aliyejifunza kupigana kwa ajili ya kuja kumuua Don kwasababu alimuulia kaka yake. Kila anakokimbilia kuna mtu anataka roho yake. Mi sijaona stori ya mapigano iliyofungwa vizuri kama hii, na naamini ndo maana kila mtu aliyekuja baadae alitaka kuirudia.

Sasa jinsi ilivyotengenezwa. Kulikuwa na mpiga kamera hodari sana anaitwa Nariman Irani, mwaka 1972 alitoa hela akatengeneza picha yake, Zindagi Zindagi, haikuuza, akabaki na deni la rupia laki 12. Kwa mshahara wa mpiga kamera wa enzi zile hilo deni huwezi kulimaliza. Wakati wanapiga picha ya Roti Kapada Aur Makaan ya dairekta Manoj Kumar, Irani akiwa nyuma ya kamera, Amitabh na Zeenat Aman wakiwa mbele yake, na Chandra Barot akiwa msaidizi wa dairekta, hao wenzake wakamwambia bwana tengeneza picha nyingine, sisi tutasimama na wewe. Wakaenda kwa Salim-Javed wakapewa skripti ambayo watu walikuwa wameshaikataa. Barot akapewa udairekta, hakuwahi kuongoza picha kabla ya hapo. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu maana hela zilikuwa zinakatika katikati, wanasimama, wanatafuta, wanaendelea, na kabla haijatoka Irani mwenyewe akapata ajali kwenye seti ya picha nyingine akafariki. Prodyuza kafa, deni lipo, picha haijaisha! Mtu mwingine angefunga virago. Barot hakuacha, na wenzake hawakumuacha.

Hata ule wimbo wa tambuu, Khaike Paan Banaraswala, haukuwepo mwanzoni. Barot alimuonyesha Manoj Kumar picha ikiwa imeshakamilika, mzee akamwambia nusu ya pili imebana mno, wape watu mahali pa kupumua, ndo wakarudi kazini wakaongeza wimbo, Kishore Kumar akauimba, na leo kuna watu hawakumbuki stori inavyoisha ila huo wimbo wanao kichwani. Ilitoka Mei 1978 ikauza sana, Amitabh akachukua tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora, Kishore akachukua ya kwake, na Asha Bhosle ya kwake kwa Yeh Mera Dil, ule ambao mwigizaji Helen anacheza akimchelewesha Don hotelini. Na hela zikaenda kulipa deni la Irani kwa niaba ya mjane wake. Hiyo ndo kazi mliyoitaja kwa nusu sentensi.

Na huyo Chandra Barot ni nani? Kazaliwa na kukulia huku kwetu, enzi za Tanganyika, kafanya kazi benki ya Barclays hapahapa Dar es Salaam, halafu miaka ya 1960 ndo akaondoka kwenda India, ambako dada yake Kamal Barot alikuwa tayari anaimba kwenye picha, ndo yule anayesikika pamoja na Lata Mangeshkar kwenye Parasmani ya 1963. Yaani karani wa benki wa Dar es Salaam kaenda Bombay, ndo Mumbai ya leo, akaanzia chini kabisa, akawa msaidizi wa Manoj Kumar, na picha yake ya kwanza kabisa ikawa Don. Jamaa aliishi mji huu wakati sinema za Kihindi zinajaza watu kwenye kumbi za Empire, Avalon, Odeon, Cameo, familia nzimanzima Waswahili kwa Wahindi, foleni mpaka barabarani. Mtu wa namna hiyo akifariki, na kafariki Mumbai tarehe 20 Julai 2025 akiwa na miaka 86, mi nilitegemea magazeti ya kwetu yatoe kurasa mbili. Kule India Amitabh kaandika, Farhan Akhtar aliyekuja kuirudia Don kaandika, huku kwetu kwenye magazeti ninayosoma mimi sikuona kitu. Inauma, nasema ukweli.

Tuje sasa Billa yenyewe.

Jimbo la Tamil Nadu watu wake hawaongei Kihindi, wana lugha yao ya zamani sana yenye maandishi yake na mashairi yake, na wanaipenda kufa. Mwaka 1965 kulikuwa na maandamano makubwa, watu wakapoteza maisha, kupinga Kihindi kufanywa lugha ya serikali ya nchi nzima, na miaka miwili baadae chama cha DMK kikachukua jimbo, tena viongozi wake wengi walikuwa watu wa sinema, waandishi wa skripti na waigizaji. Kwahiyo kule sinema sio mchezo. Ukitaka mama wa kijijini karibu na Madurai aifuate stori ya Don, amuelewe ofisa anamwambia nini Vijay, aelewe kwanini yule baba wa wale watoto wawili anaowalea Vijay ana hasira, lazima uitengeneze upya kwa Kitamil na kwa watu anaowajua. Ndo kazi aliyokuwa anaifanya K. Balaji, mwigizaji wa Madras, ndo Chennai ya leo, aliyegeuka prodyuza, alikuwa na jicho la kuona picha ya lugha nyingine akajua hii kwetu itakaa. Wakanunua haki, kampuni ya familia yake, prodyuza kwenye karatasi ni mtoto wake Suresh, dairekta R. Krishnamurthy, muziki M. S. Viswanathan, mashairi Kannadasan ambaye kwa Watamil ni mshairi mkubwa mno. Ikatoka tarehe 26 Januari 1980. Na Balaji mwenyewe akaigiza ule upolisi, ofisa anayemtafuta mtu wa kufanana na jambazi.

Staringi akawa Rajinikanth. Mhariri, wakati ule hakuwa huyu mnayemuona leo anapokelewa kwa mabango yake kumwagiwa maziwa. Alikuwa kondakta wa basi Bangalore, jina lake Shivaji Rao Gaekwad, akaingia kwenye picha 1975 kupitia dairekta K. Balachander, na miaka ya mwanzo alikuwa anapewa sana uadui, yule mtu mbaya anayetesa wenzake. Baadae akaanza kupata nafasi nzuri ila akafanya kazi kupita kiasi, usiku na mchana, mpaka 1979 akaanguka akalazwa, na kulikuwa na maneno kwamba kaisha, na yeye mwenyewe alitaka kuacha kabisa kuigiza. Watu wakambembeleza. Aliporudi akasimama na Billa, anaigiza watu wawili, jambazi David Billa na maskini Rajappa, picha ikapasua, na ndo kutoka hapo wakaanza kumuona kama mtu anayeweza kubeba picha nzima ya mapigano peke yake. Sasa niambieni, hiyo ni kubandika sura?

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Balaji alimtaka kwanza mwigizaji Jayalalithaa acheze nafasi ya yule mwanamke Roma, ile aliyocheza Zeenat Aman. Akakataa. Ndo ikaenda kwa Sripriya. Na tunajua hivyo kwasababu mwaka 1980 mwandishi mmoja aliandika kwamba Jayalalithaa anahangaika kurudi kwenye sinema, mama akashika kalamu akamuandikia kumsahihisha, kwamba hahangaiki chochote na hata Billa aliletewa yeye kwanza akaikataa. Miaka 11 baadae alikuwa waziri mkuu wa jimbo zima la Tamil Nadu.

Mi Billa niliiona Dubai. Nilikuwa nafanya kazi huko na chumbani tulikuwa tumechanganyika, Watanzania, Wapakistani na Watamil, siku ya ijumaa hamna kazi tunaangalia picha. Jamaa mmoja wa Madurai akaweka Billa, mi nikamwambia hii naijua bwana, hii ni Don, nikaanza kumsimulia kinachofuata, akanikataza akaniambia tulia uangalie. Nikatulia. Na kweli njia ni ileile, jambazi anakufa, mtu wa mtaani anaingizwa, ofisa anakufa, ile dayari nyekundu inazunguka mkono kwa mkono, lakini anayetembea humo ndani ni mtu tofauti kabisa. Amitabh mrefu, sauti nzito, mtulivu, akiwa Don anaongea taratibu na hapo ndo unamuogopa. Rajini sio mrefu wala hana ile sauti, kwahiyo hakuiga, yeye anatumia kasi, mkono unaenda haraka, sigara inaruka, miwani inavaliwa kwa mtindo, kichwa kinageuka ghafla, hujajua atafanya nini sekunde inayofuata. Jambazi yule anatisha kwa njia nyingine. Halafu akija Rajappa, yule wa mtaani, ni mshamba wa kusini kabisa, jamaa zangu wa chumbani walikuwa wanacheka mahali ambapo mi nilikuwa sielewi kwanini wanacheka, na hapo ndo nikajua kuna kitu humu ndani kimetengenezwa kwa ajili yao.

Angalieni hata nyimbo. Khaike Paan ni wimbo wa mtu wa kaskazini, kijana wa mto Ganga kaja mjini, lafudhi yake ni ya kule kwao, ukiuchukua kama ulivyo ukaupeleka Madras haumhusu mtu. Viswanathan akaweka Vethalaya Pottendi, tambuu ipo lakini mdundo na maneno ni ya kijijini Tamil Nadu, kaimba Malaysia Vasudevan kwa sauti kavu ya shambani. Na wimbo wa jambazi, My Name is Billa, kauimba S. P. Balasubrahmanyam, hadi leo jamaa wakisikia zile nota za mwanzo wanasimama. Helen wakamleta yuleyule aliyecheza kwenye Don, akacheza tena. Nafasi ya Pran, yule baba wa watoto, wakampa Thengai Srinivasan ambaye watu walizoea kumcheka kwenye vichekesho, na wakamgeuza mtu wa uchungu na kisasi, huo uamuzi mi naona ulikuwa mzuri sana. Kila mahali kuna mtu kakaa akafikiria.

Baada ya hapo Rajini na stori za Amitabh ikawa njia inayojulikana. Deewaar ikawa Thee mwaka 1981, timu ileile ya Balaji na Krishnamurthy, Khud-Daar ikawa Padikkadavan, Trishul ikawa Mr. Bharath, Mard ikawa Maaveeran, Namak Halaal ikawa Velaikkaran, Laawaris ikawa Panakkaran. Nyingine nzuri nyingine za kawaida, sitetei zote, Maaveeran mi haikunikamata. Na wenyewe hawakuwahi kugombana, Rajini hajaficha kwamba Amitabh ni mtu anayemuheshimu na kujifunza kwake, wakaigiza pamoja Andha Kanoon 1983, wakaigiza Hum 1991, na juzijuzi 2024 wamekutana tena kwenye Vettaiyan, wazee wawili. Wote wameshapewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ile kubwa kuliko zote za sinema kule India. Hakuna aliyesema Rajini kapewa kwa kukopi.

Na mkisema njia ni moja tu, kusini wanachukua kaskazini, hapo mmekosea vibaya. Hiyo Wanted ya Salman Khan mnayoisifia kila wiki kwenye ukurasa huohuo ilianza kwa Kitelugu, lugha nyingine ya kusini, ikiitwa Pokiri mwaka 2006, ikaenda Tamil mwaka uliofuata na mwigizaji anayeitwa Vijay, ndo 2009 ikafika Mumbai. Singham ya Ajay Devgn ni Singam ya Suriya, ya Kitamil, 2010. Ghajini ya Aamir Khan dairekta wake A. R. Murugadoss alishaitengeneza Kitamil 2005 na Suriya huyohuyo. Na zamani kabisa, Ram Aur Shyam ya Dilip Kumar ya 1967 ilitoka Telugu, Ramudu Bheemudu, na Watamil walishaifanya 1965 na mwigizaji wao MGR. Stori zinazunguka nchi nzima lugha kwa lugha, na Don nayo ilizunguka, Watelugu walimpa N. T. Rama Rao ikaitwa Yugandhar mwaka 1979, Wamalayalam wakampa Mohanlal ikaitwa Shobaraj mwaka 1986, na huyo Mohanlal miaka miwili baadae akaoa binti wa K. Balaji. Sasa mkiwaandika Watamil peke yao kama wezi mnakuwa mmewaonea.

Hata Don mpya. Farhan Akhtar, mtoto wa Javed Akhtar aliyeandika ile ya kwanza, aliirudia 2006 na Shah Rukh Khan akaipeleka Malaysia na akabadilisha mwisho, sitausema kwa ambao hawajaona. Mwaka uliofuata, Desemba 2007, Watamil wakarudia Billa yao, dairekta Vishnuvardhan, staringi Ajith Kumar, na wao wakaenda Malaysia. Mtu mvivu angechukua ule mwisho wa Farhan ambao dunia nzima ilikuwa inauongelea. Vishnuvardhan hakuuchukua, akarudi kwenye mifupa ya 1980, akapunguza maneno, Ajith anaongea kidogo sana anatembea tu na suti nyeusi na miwani, na Yuvan Shankar Raja akachukua My Name is Billa ya zamani akaifanyia upya. Ile picha ilimpandisha Ajith, na ikawapa vijana wa Tamil jambazi wao ambaye baba zao walikuwa naye kwa sura nyingine. Mi binafsi naiona nzuri kwa macho kuliko kwa moyo, Rajappa wa 1980 alinigusa zaidi ya Velu, wa nafasi hiyohiyo 2007, ila huwezi kuniambia ni kopi.

Mahali ninapokubaliana na nyie ni kwamba wizi upo. Mtu akichukua stori ya mwenzake bila kumuomba, bila kumlipa, akaweka jina lake kwenye kava kama ndo aliyeitunga, huyo ni mwizi, na huku kwetu tunazo hizo picha, tumeziona, stori nzima imetoka Nigeria au India mpaka nguo zimefanana, na hakuna mahali panaposema asili yake ni wapi. Hizo ziandikeni. Lakini hamuwezi kumuweka mtu aliyenunua haki, akasema wazi hii ni Don, akaajiri mshairi na mtunzi wa muziki na kuijenga upya kwa ajili ya watu wake, kwenye kapu moja na huyo. Tena kwa watengeneza picha wa hapa mi naona hiyo ndo njia, kuna stori za Kitamil, za Kihindi, za Nollywood, ambazo ukimfuata mwenye nayo mkakubaliana bei ukaandikiana mkataba, unaweza kuifanya iwe ya Tandale au ya Pemba na watu wakalia. Stori ya Don ingekaa hapa bila shida, kijana wa Manzese anayefanana na mtu wa madawa, mbona tunao maofisa, tunao watoto wanaohitaji ada.

Na sisi watu wa pwani hili jambo hatulianzi leo. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua melodi za picha za Kihindi akaweka mashairi ya Kiswahili ya kiwango cha juu kabisa, watu wazima walikuwa wanalia harusini, na leo tunamuita gwiji wa taarabu na ni gwiji kweli. Kina Lufufu huku kwetu na DJ Afro kule Kenya wamechukua picha za nje wakazisimulia kwa namna ambayo mtu wa kibanda umiza anacheka na kuogopa na kumjua staringi kama jirani yake. Picha nyingine za kusini watu wetu wamezijua kupitia hao. Ombi langu kwao, kwa heshima zote, wawe wanataja picha imetoka lugha gani na nani kaitengeneza, inachukua sekunde chache tu mwanzoni.

Kwenu nyie ninayo maombi pia. Kwanza mkiandika picha yoyote iliyorudiwa, wekeni jina la ya kwanza, mwaka, dairekta na waandishi wake, ili mtoto anayesoma ajue aanzie wapi. Pili, na hili ndo kubwa kwangu, andikeni makala ya maana kuhusu Chandra Barot. Dar bado kuna wazee waliofanya kazi kwenye sinema za mjini, wauza tiketi, waonyesha picha, kuna familia za Kihindi ambazo zilikuwepo wakati huo Upanga na Kisutu, kuna watu waliostaafu benki, mtu akizunguka wiki moja atapata wa kumsimulia. Msisubiri watu wa Mumbai waje kuwaandikia.

Na la mwisho, ile picha mliyochapisha pembeni ya makala mkaandika "Rajinikanth katika Billa" sio Rajinikanth, ni Ajith Kumar, ya 2007. Naomba irekebishwe toleo lijalo.

Wenu,
Msomaji, Ilala, Dar es Salaam